Namna ya Kuondoa Moshi wa Sigara Katika Nyumba Yenye Watoto

Kila siku ya kupima uzito wa watoto, hapa Dodoma ninakofanya kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, wazazi huniuliza maswali yale yale. Je, baba akivutia dirishani haitoshi? Je, feni haiutoi moshi? Je, babu akivuta wakati mtoto yuko shuleni kuna ubaya gani? Nimeyajibu nikiwa nimesimama kwenye foleni ya mizani, nimeyajibu kwa simu usiku, na sasa nayajibu kwa maandishi ili mwenye haja aweze kufuata hatua moja baada ya nyingine akiwa nyumbani kwake.

Jambo moja lieleweke kabla hatujaanza. Mwongozo huu haumlazimishi mvutaji kuacha sigara leo. Akiacha tutafurahi sote, na kuna hatua inayomhusu huko mbele. Lakini mapafu ya mtoto hayawezi kusubiri mpaka mtu mzima amalizane na uraibu ambao pengine utamchukua miaka. Kinachotakiwa leo ni moshi utoke chini ya paa. Kwa hiyo kanuni tunayoiweka ni ya mahali, si ya mtu: chini ya paa hili hapavutwi sigara, awe nani, iwe saa ngapi.

Kwa nini, kwa ufupi

Moshi unaojaa chumbani hutoka sehemu mbili: ule anaoupuliza mvutaji, na ule unaofuka kwenye ncha ya sigara inapokaa kati ya vidole. Huu wa pili ndio mwingi zaidi, wala haukupita kwenye kichungi chochote. Moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Mtoto hupumua haraka kuliko mtu mzima, mapafu yake bado yanakua, na hawezi kunyanyuka akaenda kukaa kwingine. Ndiyo maana watoto wanaoishi na moshi huu hupata zaidi nimonia, mkamba, maambukizi ya sikio la kati na pumu inayobana mara kwa mara, na wachanga huwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ghafla usingizini. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba hakuna kiwango cha moshi huu kilicho salama.

Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa kuwa kazi ikikatikia njiani mvutaji hurudi kwenye kochi lake na kukuona ulikuwa unatania:

- daftari au karatasi moja na kalamu;
- kiti, kigoda au benchi la kukaa nje;
- kopo la bati, kama la maziwa ya unga, lililojazwa mchanga hadi nusu;
- koti au shati kuukuu moja, na msumari wa kulitundika nje;
- kibuyu chirizi au dumu lenye koki, pamoja na sabuni;
- ndoo mbili, sabuni ya unga, matambara safi, na siki ukiipata;
- siku moja nzima yenye jua, ambayo kwa Dodoma si shida kuipata.

Hatua ya 1: Andika sigara zinavutiwa wapi

Kwa siku tatu, andika kila sigara unayoiona ikivutwa nyumbani: nani, saa ngapi, na alikuwa amekaa wapi. Usimwambie mtu neno, wala usihukumu. Wengi wanaofanya zoezi hili hushangaa, kwa maana waliamini kuwa "anavutia nje", kumbe nje yenyewe ni kibaraza chenye dirisha la chumba cha mtoto, au ni korido, au ni mlangoni ambako mguu mmoja uko ndani. Mwezi wa sita na wa saba, upepo wa baridi unapovuma na madirisha yote yamefungwa tangu saa 12 jioni, sigara ya usiku huhamia chumbani bila mtu kutambua kwamba imehama. Karatasi hii itunze. Utaihitaji mara mbili zaidi.

Hatua ya 2: Zungumza na mvutaji

Hapa ndipo kazi nyingi huvunjikia, kwa hiyo soma polepole.

Chagua msemaji kwanza. Ikiwa mvutaji ni mume wako, sema mwenyewe, mkiwa wawili. Ikiwa ni baba mkwe, si wewe mkamwana wa kumwanza. Mtafute mtoto wake wa kumzaa au shangazi wa nyumba hiyo, mtu ambaye mzee humsikiliza. Ikiwa ni mpangaji mwenzako, nenda na mwenzi wako, na muende mkiwa na salamu ndefu.

Chagua wakati. Usiseme akiwa ndio kwanza amewasha sigara, wala watoto wakiwa wanasikia, wala siku ambayo mtoto amelazwa. Kusema siku ya ugonjwa humfanya asikie kwamba anaambiwa amemuua mtoto, na mtu aliyeshtakiwa hujitetea, hasikilizi.

Kisha sema kwa ufupi, ukimwomba kitu kimoja tu. Maneno kama haya yamefaa katika nyumba ninazozitembelea:

"Shikamoo baba. Nimekuja kwa jambo dogo, naomba unisikilize. Huyu mjukuu wako kifua kinamsumbua, na tumeelezwa kliniki kwamba moshi wa sigara ndani ya nyumba unamzidishia. Hatukuombi uache. Tumekuandalia mahali pako pazuri pale chini ya mwarobaini, kuna kiti na kivuli. Tunaomba tu sigara iwe inavutiwa pale, na hata sisi tutakuwa tunakuletea kahawa pale pale."

Angalia kwamba ombi limetanguliwa na heshima, na kwamba mzee hafukuzwi, bali anapewa mahali. Mzee anayeambiwa "toka nje na sigara yako" amevuliwa nguo mbele ya wajukuu, na hatakubali hata kama moyoni anajua una haki.

Hatua ya 3: Andaa mahali pa kuvutia

Mahali hapo pawe na paa lake au kivuli chake, na pawe mbali na milango na madirisha yote kwa hatua 10 za mtu mzima au zaidi. Kama kiwanja ni kidogo, tafuta kona iliyo mbali zaidi na chumba anacholala mtoto.

Kabla ya kuweka kiti, pima upepo. Chukua majivu laini kiganjani, simama mahali ulipopachagua, uyaachie taratibu ukiwa umenyoosha mkono. Yakielekea nyumbani, hama. Rudia asubuhi na jioni, kwa kuwa upepo hubadilika, na mwenyeji wa Dodoma hahitaji kuelezwa jinsi unavyoweza kubeba vumbi la uwanja mzima na kulimwaga sebuleni. Moshi hupita njia hiyo hiyo.

Weka kiti, weka kopo la mchanga, na pigilia msumari wa koti. Msimu wa mvua ukikaribia, yaani kuanzia Desemba, funga turubai au bati moja juu. Usilidharau bati hili. Nimeona nyumba tatu zilizofuata kanuni vizuri tangu kiangazi, zikarudi nyuma wiki ya kwanza ya mvua kwa sababu tu mvutaji hakuwa na pa kujikinga.

Kwa wanaoishi kwenye tembe, au nyumba yoyote yenye madirisha madogo, hatua hii haina mbadala. Tembe hutunza joto vizuri usiku, na kwa ujenzi ule ule hutunza moshi.

Hatua ya 4: Ondoa vishawishi na uitangaze kanuni

Toa ndani visahani vya majivu, viberiti vilivyozagaa na pakiti zilizo juu ya kabati. Vipisi vya sigara visiachwe mtoto anapofikia, kwa sababu mtoto mdogo akimeza kipisi kimoja anaweza kupata sumu ya nikotini. Waambie wote wa nyumbani, akiwemo dada wa kazi na vijana wanaokuja kutazama mpira. Mgeni akitoa sigara, neno ni moja: "Karibu, mahali pa kuvutia pako hapa nje, nikuonyeshe." Inuka umsindikize, ukibaki umekaa na kunyoosha kidole, ataona unamfukuza.

Hatua ya 5: Safisha moshi wa zamani

Moshi haupotei wote sigara inapozimwa. Hunata kwenye mapazia, makochi, chandarua, kuta na nguo, na mtoto anayetambaa huushika kwa mikono na kuupeleka kinywani.

Anza na mapazia. Mwaka juzi nilimsaidia mama mmoja wa Chang'ombe kuloweka pazia la chumba ambacho mumewe alikuwa akivutia kitandani. Lilikuwa pazia la rangi ya krimu, lililofuliwa miezi michache nyuma. Baada ya robo saa maji ya ndoo yakawa na rangi ya chai ya rangi, na juu yake kukawa na utando mwembamba ulioshika vidole. Yule mama hakusema kitu; alinyanyua ndoo, akaenda kumwonyesha mumewe aliyekuwa ameketi uani. Maji yale yalizungumza kuliko mimi.

Endelea hivi: futa kuta zilizopakwa rangi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kuanzia juu kwenda chini, toa godoro na mito ya kochi juani kutwa nzima, ukigeuza saa sita, fua mashuka na nguo za mtoto. Chandarua chenye dawa kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida ya mche na kianikwe kivulini, kwa maana jua kali na dawa za kung'arisha nguo hupunguza nguvu ya viuatilifu vyake. Maji yakiwa ya mgao, maji ya kusuuzia mapazia yanatosha kudekia sakafu.

Onyo: usichanganye siki na dawa yoyote ya klorini ya kung'arishia. Mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu, na utakuwa umetoa moshi mmoja ukaingiza mwingine.

Hatua ya 6: Weka utaratibu wa kurudi ndani

Mvutaji akimaliza, azime kipisi mchangani, avue koti la kuvutia na kulitundika pale nje, anawe mikono hadi viwiko kwa sabuni, asukutue, kisha asubiri angalau dakika 10 kabla ya kumbeba mtoto, kwa sababu pumzi yake bado hutoa chembe za moshi. Koti ndilo wengi hulisahau. Mtoto analazwa kifuani, pua yake iko palepale shati lilipokuwa likifukizwa dakika tano zilizopita.

Mama anayevuta na kunyonyesha asiache kunyonyesha. Maziwa yake bado ndiyo bora. Avute baada ya kunyonyesha na si kabla, ili nikotini ipungue mwilini kabla ya zamu inayofuata. Na mzazi yeyote anayevuta, baba au mama, asilale kitanda kimoja na mtoto mchanga.

Hatua ya 7: Mlinde mtoto nje ya nyumba

Katika gari au bajaji, sigara isiwashwe kabisa mtoto akiwamo, hata vioo vikiwa wazi, kwa kuwa nafasi ni ndogo na moshi huzidi haraka kuliko sebuleni. Kwenye nyama choma, mkalie upande usio na wavutaji, au mchukue nyama mkale nyumbani.

Kisha kuna jambo ambalo linaniuma, na nalisema kwa wazi. Msimtume mtoto dukani kununua sigara. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 imekataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini madukani mtoto wa miaka tisa bado anakabidhiwa sigara mojamoja kwa kuwa "katumwa na baba". Wala msimtume kuiwasha. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka saba, nilikuwa nikitumwa jikoni kuiwasha sigara ya babu kwenye kaa la moto, na ili isizimike kabla sijamfikia kwenye kigoda chake ilinibidi niivute mara mbili tatu njiani. Babu alinipenda sana. Hakuna aliyemwambia.

Hatua ya 8: Msaidie anayetaka kuacha

Baada ya wiki chache za kutoka nje kwenye baridi, wavutaji wengine hupunguza wenyewe, na wengine huanza kuulizia namna ya kuacha. Chagueni tarehe, msiseme "siku moja". Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi, kisha ugumu hupungua kadiri wiki zinavyokwenda. Hamu kali ya sigara huja na kupita ndani ya dakika chache. Apewe maji, atembee, ashike kazi ya mikono mpaka ipite. Kituo cha afya kinaweza kumpa ushauri, na aulize kuhusu vibandiko vya nikotini. Akirudia, mrudisheni kwenye kiti cha nje bila kumsimanga, mpange tarehe nyingine.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

*Kuvutia dirishani.* Upepo husukuma moshi kurudi ndani, na chembe zake hubaki hewani kwa saa mbili au tatu hata dirisha likiwa wazi.

*Kutegemea feni, udi au ubani.* Feni huutawanya moshi hadi vyumba vilivyokuwa safi. Udi na ubani hufunika harufu na kuongeza moshi wa pili juu ya wa kwanza.

*Kuvuta mtoto akiwa hayupo.* Atarudi, na moshi utakuwa bado kwenye pazia.

*Kuvutia jikoni "kwa sababu kuna moshi tayari".* Moshi wa kuni na mkaa nao huumiza kifua cha mtoto. Kuujumlisha na wa sigara ni kumwonea mara mbili.

*Kudhani shisha ni mvuke wa matunda tu.* Ni moshi wa tumbaku pamoja na wa makaa. Ipelekwe nje kama sigara. Ugoro hautoi moshi, lakini kikopo chake kikae juu, mtoto asikifikie.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Mzee amekataa.* Usibishane. Kwa muda huo hamisha usingizi wa mtoto kwenye chumba cha mbali zaidi na anapovutia mzee, kisha baada ya wiki mbili rudi na msemaji mwingine na ile karatasi ya hatua ya 1. Muombe chumba kimoja tu kiwe huru; kikizoeleka, omba cha pili. Vyumba nusu havimlindi mtoto kikamilifu, kwa hiyo usiishie hapo.

*Moshi unatoka kwa jirani.* Katika nyumba za vyumba vya kupanga, kuta nyingi huishia usawa wa mbao za paa bila dari, na moshi wa chumba cha tatu unashukia kitandani kwako. Ziba uwazi huo kwa dari ya turubai iliyovutwa vizuri na kupigiliwa pembeni, na mwende kwa mwenye nyumba mkiwa wapangaji wawili au watatu mkiomba kona moja ya uani iwe ya wavutaji wote. Likishindikana, mwone mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Ukienda peke yako utaonekana mgomvi.

*Harufu haiishi.* Karibu kila mara ni kochi au godoro la sponji. Lirudishe juani siku tatu mfululizo. Harufu ikiendelea baada ya hapo, amini pua yako: kuna mtu bado anavutia ndani, na mara nyingi ni chooni.

*Mvutaji amerudia ndani.* Angalia kwanza kiti cha nje: je, kuna jua, mvua, mbwa, giza? Rekebisha mahali kabla ya kumrekebisha mtu. Balbu moja ya uani imewahi kumaliza ugomvi wa miezi miwili.

*Mtoto bado anakohoa.* Kifua hakiponi siku moja, na vumbi na jiko la mkaa vina sehemu yao, hivyo pikia nje au mahali penye hewa inayopita. Ila usikae ukisubiri ikiwa anapumua haraka. Mtoto akiwa ametulia, pandisha nguo yake, tazama kifua, uhesabu pumzi kwa dakika 1 nzima. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka 1, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka kupita kiasi. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ikiwa sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, au hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au amepata degedege, au amelegea na ni vigumu kumwamsha, ondoka saa hiyo hiyo, hata iwe usiku. Ukifika, mweleze mhudumu bila kuficha kwamba nyumbani kuna mvutaji, anavuta sigara ngapi na anavutia wapi. Ile karatasi ya hatua ya 1 nenda nayo mkononi.